Ufunguo wa stoo haushonewi ndani ya gunia

Mfanyabiashara anayevusha vitunguu Namanga, mayai Busia au maharage Mutukula siku hizi hubeba fedha kidogo mfukoni na nyingi kwenye simu. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, na hasa tangu mwaka 2015 ilipowezekana kutuma fedha kati ya M-Pesa ya Kenya na ile ya Tanzania, simu imekuwa pochi, daftari la madeni na ofisi. Kando ya huduma hizo kubwa zimeota programu nyingi ndogo: ya chama cha akiba na mikopo, ya wakala wa forodha, ya msafirishaji, ya muuzaji wa jumla anayepokea oda kutoka upande wa pili wa mpaka.

Mfanyabiashara huyo amefundishwa vizuri kulinda namba yake ya siri. Haiandiki kwenye karatasi, wala haimtajii anayempigia simu akijiita mhudumu wa kampuni. Lakini ipo siri nyingine ambayo hajawahi kuelezwa na ambayo haimo mikononi mwake: ufunguo ambao kampuni yenye programu hutumia kujitambulisha kwenye mfumo wa malipo. Huo ukivuja, namba yake ya siri italinda pochi yake tu. Haitalinda fedha alizokwisha kuilipa kampuni, wala kumbukumbu za mzigo wake, wateja wake na siku anazosafiri.

Ufunguo huo ni mfululizo wa herufi na tarakimu. Mfumo wa Daraja wa Safaricom, kwa mfano, humpa mtengenezaji programu ufunguo na siri inayoambatana nao. Mwenye vyote viwili anaweza kuomba kibali cha kuwasiliana na mfumo kwa jina la kampuni husika. Mtengenezaji mwenye haraka huziandika siri kama hizo moja kwa moja kwenye faili la maelekezo ya ujenzi, yaani lile linaloiambia kompyuta iunganishe nini na nini mpaka programu ikamilike. Kwa programu za Android, faili hilo kwa kawaida ni la Gradle. Kazi inakwisha mapema, mteja anakabidhiwa programu yake, na ufunguo unasafiri ndani yake.

Hapo ndipo penye hatari. Faili la APK, lile ambalo watu hurushiana hata kwa WhatsApp, ni kifurushi kinachofunguka. Mwenye kompyuta na zana za bure anaweza kukifungua na kusoma maneno yaliyomo. Kuweka siri humo ni sawa na mwenye stoo ya nafaka kushonea ufunguo wa kufuli lake ndani ya kila gunia analouza. Wanunuzi wengi watapika maharage yao bila kujua lolote. Mmoja atalipapasa gunia.

Mlango wa pili wa kuvuja ni ghala la mtandaoni ambako watengenezaji huhifadhi kazi yao. Mwaka 2016 wezi waliingia kwenye ghala la faragha lililotumiwa na wahandisi wa Uber huko GitHub, wakakuta humo funguo za kuingilia hifadhi ya data ya kampuni. Wakachukua taarifa za abiria na madereva milioni 57 duniani. Uber iliwalipa dola 100,000, na umma haukuambiwa hadi Novemba 2017. Mwaka 2018 kampuni hiyo ikakubali kulipa dola milioni 148 kumaliza shauri na majimbo ya Marekani. Toyota nayo ilitangaza mwaka 2022 kwamba ufunguo wa huduma yake ya T-Connect ulikuwa wazi GitHub tangu Desemba 2017. Wateja 296,019 walikuwa katika hatari ya kuvujiwa na anwani zao za barua pepe.

Kama kampuni zenye wahandisi wengi kiasi hicho ziliteleza, haifai kudhani kwamba ofisi ya vijana wawili inayotengeneza programu ya chama cha wafanyabiashara wa mpakani iko salama kwa bahati tu.

Watengenezaji wengi wanaijua nusu ya dawa. Huiondoa siri kwenye faili la ujenzi, wakaiweka kwenye faili la pembeni lisilopelekwa ghalani, au kwenye sanduku la siri la mtambo unaojenga programu. Hilo ni jema, na lifanywe. Lakini linaziba mlango mmoja tu. Ikiwa wakati wa ujenzi thamani hiyo inachukuliwa sandukuni na kunakiliwa ndani ya programu, bado itatoka na kila simu inayoipakua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata imegawiwa kwa kila mteja.

Dawa kamili ni kwamba siri ya kweli isiingie kwenye programu ya simu kabisa. Ibaki kwenye seva ya kampuni. Simu ya mfanyabiashara ipeleke ombi kwa seva, seva ihakikishe ni nani anayeomba na ana haki gani, kisha yenyewe ndiyo izungumze na mfumo wa malipo. Funguo ambazo lazima zikae kwenye simu, kama ule wa ramani, zifungwe kwa masharti ili zifanye kazi ndani ya programu hiyo tu.

Upo pia ufunguo wa kutilia programu sahihi. Simu ya Android hukubali toleo jipya la programu kwa sababu limetiwa sahihi kwa ufunguo uleule wa toleo la zamani. Ukiibwa, mwizi anaweza kutengeneza toleo bandia ambalo simu italipokea kana kwamba limetoka kwa mwenyewe. Pale ambapo programu hupitishwa mkono kwa mkono kwenye makundi ya WhatsApp, hilo ni jambo la kutisha.

Wapo watakaosema seva ni gharama, na kwamba vyama vidogo havina fedha za kuilipia kila mwezi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini chama kinachoshindwa kulipia seva hakijafikia hatua ya kushika fedha za wanachama kwa programu yake chenyewe. Bora kitumie huduma ya malipo iliyokwisha kupewa leseni kuliko kujijengea mlango usio na kitasa.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani uzito wa suala hili ni mara mbili. Mlipaji anaweza kuwa Tanzania, kampuni yenye programu Kenya, na mzigo Uganda. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Kenya humtaka mwenye data kumjulisha kamishna ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji. Hatua hizo ni za kupongezwa, lakini kila nchi ina mamlaka yake, na mama anayeuza mitumba hapaswi kuzunguka ofisi tatu katika miji mikuu mitatu kuuliza fedha zake zilipotelea wapi. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoweza kuwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja mpakani inaweza pia kukubaliana sharti moja: programu yoyote inayopokea malipo ya kuvuka mpaka ikaguliwe kabla ya kutumika, kuhakikisha haibebi siri ndani yake, na uvujaji ukitokea taarifa iwafikie watumiaji wa nchi zote.

Wakati sharti hilo likisubiriwa, vyama vya wafanyabiashara vina nguvu ambayo havijaitumia, kwa kuwa vyenyewe ndivyo vinavyomlipa mtengenezaji. Kabla ya kumaliza malipo vimuulize mambo matatu, na majibu yaandikwe kwenye mkataba. Funguo za malipo zinakaa wapi? Nani anashika ufunguo wa kutilia programu sahihi, na chama kina nakala yake iliyohifadhiwa salama? Ufunguo ukivuja, utabatilishwa na kuwekwa mwingine kwa muda gani? Hili la tatu lina uzito wake, kwa sababu kufuta maandishi hakutoshi: ghala la kazi hutunza hata matoleo ya zamani, na siri iliyokwisha kuonekana si siri tena.

Mtengenezaji anayejua kazi yake atayajibu maswali hayo kwa dakika chache. Asiyeweza kuyajibu hajawa tayari kukabidhiwa fedha za watu.