Mlinzi Anapomgeukia Mwenye Nyumba

Tarehe 6 Oktoba 2025, mjini Stockholm, ilitangazwa kwamba tuzo ya Nobel ya tiba wamepewa watu watatu: Shimon Sakaguchi wa Japani, na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani. Msomaji atauliza habari hiyo yahusu nini ukurasa wa familia. Yahusu sana, kwa kuwa walichokigundua kimefungua mlango wa kutafutia tiba maradhi ambayo huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na hasa kati ya miaka 20 na 40, umri wa kuolewa, kuzaa na kulea.

Maradhi yenyewe ni maltipo sklerosisi, ambayo madaktari huyafupisha kwa herufi MS. Maana ya jina ni makovu mengi. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza kwa ukamilifu mwaka 1868, alipoyalinganisha makovu aliyoyaona katika ubongo na uti wa mgongo wa waliofariki na dalili walizokuwa nazo uhaini mwao. Mishipa ya fahamu ina ala ya mafuta iitwayo mayelini, mfano wa mpira unaofunika waya wa umeme. Ala hiyo ikichunika, ujumbe utokao ubongoni huchelewa au hukatika njiani. Na wenye kuichuna ni askari wa mwili wenyewe, zile seli nyeupe za damu zilizowekwa kupigana na vijidudu, ambazo zimeidhania mayelini kuwa ni adui.

Dalili huja kwa mashambulio. Jicho moja huingia ukungu kwa siku kadhaa na kuuma likigeuzwa. Mguu hufa ganzi au huburura. Mkojo huwa hauzuiliki. Na juu ya yote huwapo uchovu usioondoka kwa usingizi. Kisha hali hupoa, na baada ya wiki chache mgonjwa huonekana mzima. Hapo ndipo penye mtihani. Mama mkwe humwona leo hawezi kuinua sufuria, na mwezi ujao yuko harusini. Mke huyo huitwa mvivu, nasi tumekaa katika vikao vya suluhu ambamo neno hilo ndilo lililokuwa hoja kuu ya mume.

Huletwa kwetu pia wanawake wa namna hii ili wasomewe. Kusoma twasoma, na Qur'ani ni shifaa. Lakini jicho lililopoteza nuru lina daktari wake, na hatuoni haya kuwaambia jamaa wampeleke kabla hawajamaliza chai waliyokaribishwa.

Kwetu pwani joto nalo huzidisha mashaka. Mshipa uliochunika hufanya kazi vibaya zaidi mwili ukipata moto, jambo aliloliandika daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff mwaka 1890. Basi aliyesimama jikoni mchana wa mwezi wa Machi macho yakaingia ukungu, kisha yakatakata alipooga maji ya baridi, hakuwa akijifanya.

Sasa turudi kwa wale watatu. Nyuma ya mfupa wa kifua iko tezi iitwayo thaimasi, ambako askari hawa hulelewa, na wale wenye mwelekeo wa kuudhuru mwili huondolewa humo humo. Kwa muda mrefu wanazuoni wengi wa tiba waliona kwamba mchujo huo watosha. Sakaguchi hakuridhika. Panya wachanga walipotolewa tezi hiyo siku ya tatu baada ya kuzaliwa, askari wachache waliobaki waliwashambulia panya wenyewe. Alipowatia seli za panya mzima wa nasaba ile ile, walisalimika. Kumbe miongoni mwa seli zile mlikuwa na kundi ambalo kazi yake ni kuwazuia wapiganaji. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kuzipambanua kwa alama zake, akachapisha habari yake mwaka 1995. Wataalamu huziita seli T za udhibiti. Sisi hapa tutaziita wasuluhishi.

Brunkow na Ramsdell waliingia kwa mlango mwingine. Katika maabara ya Oak Ridge, Marekani, walizaliwa katika miaka ya 1940 panya madume wenye ngozi ya magamba waliokufa wakiwa wachanga. Mwaka 2001 wawili hao walionyesha kwamba kasoro ilikuwa katika jeni moja, iliyopewa jina FOXP3, na kwamba jeni hiyo ikiharibika kwa watoto wa kiume wa binadamu huleta maradhi mazito yanayofanana na yale. Miaka miwili baadaye ikathibitika kuwa FOXP3 ndiyo inayowaongoza wasuluhishi wa Sakaguchi.

Kuhusu MS, watafiti wa Marekani walieleza mwaka 2004 jambo la kuzingatiwa: katika damu ya wagonjwa waliowapima, wasuluhishi hawakuwa wachache kuliko kwa watu wazima wa afya. Walikuwapo kwa idadi yao, ila walikuwa wanyonge, hawasikizwi.

Lakini ushahidi unaotuvutia zaidi umo tumboni mwa mama. Mtoto aliye tumboni amebeba nusu ya asili yake kutoka kwa baba, na kwa kanuni ya askari wale yeye ni mgeni anayestahili kufukuzwa. Hafukuzwi. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba mimba inapoingia wasuluhishi huongezeka. Panya walioondolewa wasuluhishi walizitoa mimba zao. Sasa tazama yaliyowapata wanawake 254 wenye MS kutoka nchi 12 za Ulaya, waliofuatiliwa katika ujauzito wao, na hesabu yao ikachapishwa mwaka 1998. Kabla ya mimba, kila wanawake 10 walipata mashambulio 7 kwa mwaka. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba kiwango kilishuka hadi 2. Miezi mitatu baada ya kuzaa kikapanda hadi 12, kisha kikarejea kilipokuwa. Homoni nazo zina sehemu yake, hatusemi kwamba wasuluhishi peke yao ndio sababu. Ila mwili wa mama umeonyesha kwamba vita hivi vyaweza kutulizwa bila ya askari wote kunyang'anywa silaha.

Ndilo lengo la tiba inayotafutwa. Dawa nyingi za sasa hupunguza mashambulio kwa kulidhoofisha jeshi, na jeshi likidhoofika maambukizi hupata nafasi. Tiba ya wasuluhishi yataka kinyume chake: mgonjwa atolewe damu, wasuluhishi wake watengwe, wazidishwe maabara kwa muda, kisha arudishiwe. Huko Gdańsk, Poland, jaribio dogo la namna hiyo lilichapishwa mwaka 2021; wagonjwa walikuwa wachache, swali likiwa kwanza usalama, na hawakupata madhara makubwa. Watafiti wa Belfast nao walionyesha mwaka 2017, kwa panya, kwamba wasuluhishi husaidia hata kuijenga upya mayelini iliyochunika. Kwa aliyekwisha kupoteza nguvu za miguu, habari hiyo ni nzito kuliko zote.

Vikwazo navyo si haba. Wasuluhishi ni wachache katika damu, na kuwakuza ni kazi ya gharama. Huenda wakabadilika tabia na kujiunga na wapiganaji. Yapasa wafike ubongoni na kutuliza pale panapowaka tu, wasije wakawazuia askari wanaopigana na maradhi mengine. Ndiyo maana tiba hii haijaidhinishwa popote kwa wagonjwa wa MS. Iko katika majaribio. Atakayekuuzia sindano ya seli leo, iwe hapa au ng'ambo, na akakutaka uuze kiwanja cha urithi, muulize ni jaribio gani lililosajiliwa, na kwa nini mgonjwa ndiye mlipaji.

Dawa zilizopo zisidharauliwe kwa kungojea hiyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Zikianzwa mapema huzuia makovu mengi.

Na kwa mwenye MS aliye mjamzito, hesabu ile ya 1998 ina kazi hivi leo. Amwone daktari wa mishipa ya fahamu kabla ya kushika mimba akiweza, kwani baadhi ya dawa, kladribini ikiwamo, hazifai kabisa kwa mjamzito. Na wapange pamoja dawa irejee lini baada ya kuzaa. Mama, shangazi au mkunga atakayemhudumu katika arubaini aelezwe mapema kwamba ganzi mpya, ukungu wa jicho au mguu mzito usihesabiwe kuwa ni uchovu wa uzazi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na maji ya kumkandia yapunguzwe moto, iwapo humzidishia dalili.