Solo Haiji kwa Pupa

Majuma mawili yaliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia akiwa na uchungu. Mwanawe ana gitaa, na kwa miezi sita sasa kila jioni hupanda na kushuka sauti zile zile, do, re, mi, hata do ya juu, kisha hurudi alikotoka. Mtoto wa jirani, aliyeanza nyuma yake, tayari hupiga nyimbo nzima za bendi. "Mwanangu hana kipaji," alisema mama huyo. "Gitaa nitaliuza."

Nilimsihi asiliuze. Mwanzo wa ngoma ni lele.

Mwenye kunakili solo ya mwenziwe ni sawa na mtoto aliyekariri shairi asiloweza kulisoma: ukimkatiza, hana pa kuanzia. Ngazi ya sauti ni alfabeti ya mpiga solo. Silabi zake ni apejio, yaani sauti za chodi zikipigwa moja baada ya moja, si kwa pamoja. Chodi ya do ina do, mi na so. Ya fa ina fa, la na do. Ridhimu inapohama kutoka do kwenda fa, ajuaye hutua juu ya la, na msikilizaji huhisi kuwa wimbo umehama pamoja naye. Asiyejua hukimbiza vidole tu.

Elimu hii haina kabila la muziki. Mpiga bluzi hutosheka na sauti tano, akiuvuta uzi mpaka ulie. Katika jazi chodi hubadilika upesi, na apejio ndiyo njia ya kuzifuata. Django Reinhardt aliungua kwa moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikalemaa. Hata hivyo akawa bingwa wa solo Ulaya nzima. Katika rumba, Nico Kasanda wa Kongo, aliyefariki mwaka 1985, aliitwa "Daktari" kwa ustadi wake. Nasi tulikuwa na Mbaraka Mwinshehe, ambaye Morogoro Jazz yake ilifika Osaka, Japani, katika maonyesho ya mwaka 1970.

Basi, kijana, anza polepole, mguu ukihesabu mapigo. Iimbe kila sauti kabla ya kuipiga. Ukiimudu ngazi moja, itafute tena mahali pengine kwenye shingo ya gitaa. Nusu saa kila siku yashinda saa nne za Jumamosi.

Na yule mama? Nilimwomba amwimbie mwanawe wimbo ambao kijana hajapata kuupiga. Akachagua wimbo wa kubembelezea watoto, aliourithi kwa mamake. Mara ya kwanza kijana alipotea. Mara ya tatu, gitaa lilikuwa likimjibu mama neno kwa neno.

Gitaa halikuuzwa.