MINYOO YA WATOTO WA MJINI SI KOSA LA MAMA ZAO



Husemwa maofisini na barazani kwamba mtoto wa mjini akivimba tumbo kwa minyoo, kosa ni la mama yake, mvivu wa kumwogesha. Neno hili twalikataa. Mama aweza kumwosha mwanawe asubuhi na jioni. Je, ataweza kuuosha uwanja wa mtaa mzima?

Na tutazame asili ya maradhi yenyewe. Chango mmoja jike aweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, nayo hutoka pamoja na choo cha mgonjwa. Yakiangukia udongo wenye kivuli na unyevu huiva kwa majuma machache, tena huweza kukaa humo miaka yakiwa hai. Mtoto acheza hapo, atia kidole kinywani, amekwisha kuyameza. Mabuu ya safura hayangoji hata kumezwa: hupenya ngozi ya mguu usio kiatu, kisha minyoo hunyonya damu utumboni, mtoto akapauka, akachoka, masomo yakampita.

Basi choo hicho chafikaje uwanjani? Wakazi wa Dar es Salaam wajua. Katika mitaa isiyopimwa, wapangaji wa nyumba nzima mara nyingi hutumia choo kimoja cha shimo. Wako wenye nyumba ambao, shimo likijaa, hungoja masika wakalitapisha usiku, mvua ichukue. Maji hukauka, mayai hubaki udongoni, penye mchezo wa watoto.

Twaishukuru dawa igawiwayo shuleni. Kidonge kimoja cha albendazole, miligramu 400, huwaua chango vizuri. Lakini hakiwazuii wengine kuingia baadaye. Na mdogo wake aliye nyumbani, ambaye hajafika umri wa shule, kidonge cha shuleni hakimfikii. Kugawa vidonge huku vyoo vyatapishwa ni kuteka maji kwa pakacha.

Miongoni mwetu wamo wenye nyumba za kupangisha. Kwao twanena bila kuficha: kodi mwaipokea, na choo kizima ni haki ya aliyeilipa. Shimo likijaa, iteni gari la kunyonya, msiite mvua. Nasi sote tulio washika kalamu, tusikubali kuandika "uzembe wa wazazi" mahali palipopasa kuandikwa "choo kimefurika".