Mtu Anapopotea: Simu Ina Lipi la Kusema?

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ilitungwa zama ambazo neno lilitembea kwa miguu. Likitoka Bwera kwenda Kasese lilipita kwanza kwa muuza chumvi ya Katwe, kisha kwa utingo wa lori, kisha kwa mama muuza ndizi penye njia panda ya Kikorongo, na kila aliyelipokea alimjua aliyempa. Mwenye kulitia chumvi alijulikana kwa jina, kwa nyumba na kwa ukoo, na siku ya kuumbuka hakuwa na pa kujificha. Leo neno laondoka Bwera jioni na kufika Kampala, Goma na Ulaya kabla chungu cha maharagwe hakijachemka, na aliyelizua hana sura.

Na ichukuliwe mfano wa jambo ambalo laweza kuipata nyumba yoyote ya mpakani. Kijana wa miaka 17 atumwa Mpondwe siku ya soko. Jua latua, hajarudi. Simu yake yaita mara mbili, kisha yazimika. Mama yake, kwa uchungu, ampa jirani picha ya mwanawe, na jirani aitia katika kikundi cha WhatsApp. Kufikia usiku wa manane picha hiyo imekwisha kufika mahali ambapo mama mwenyewe hatafika maisha yake yote, na pamoja nayo yamefuata maelezo ambayo yeye hakuyatoa: kwamba kijana alionekana akipanda pikipiki na watu wawili, kwamba ana deni, kwamba mjomba wake anajua zaidi ya anavyosema, kwamba amejiunga na waasi. Kisha hutokea mjuzi mmoja, ambaye aghalabu hudai kuwa ana rafiki katika kampuni ya simu, akatangaza: simu ya mtoto imeonekana Kongo. Hapo ndipo mama huanguka.

Kwa watu wa mpaka ule, kusikia kwamba mtoto yuko Kongo si sawa na kusikia kwamba amekwenda kumtembelea shangazi Kasindi, ingawa mashangazi wa Kasindi wapo wengi na lugha ni moja pande zote mbili za mto. Waasi wa ADF walishambulia Mpondwe mwezi wa Novemba 1996. Juni 1998 waliwachoma moto na kuwateka wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, wilaya ya Kabarole. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha. Mzazi aliyeyaona hayo, au aliyesimuliwa na wazazi wake, akisikia neno Kongo huona msitu.

Lakini je, maneno hayo, kwamba simu imeonekana Kongo, yana maana gani hasa? Yafaa jambo hili lielezwe taratibu, kwa maana watu wengi hulitamka bila kulijua.

Simu ya mkononi hujulikana mahali ilipo kwa njia ya mnara unaoihudumia. Mtu anapopiga au kupokea simu, kampuni huhifadhi namba zilizozungumza, saa, muda wa mazungumzo, na mnara uliotumika. Kumbukumbu hiyo haitaji kijiji, wala nyumba, wala chumba. Hutaja mnara, na kwa kawaida upande wa mnara ulioelekea simu ile. Mjini, ambako minara imekaribiana, huo ni mtaa mmoja au miwili. Mashambani mambo ni mengine kabisa: mnara wa mtambo wa kizamani, ule wa simu za kawaida, waweza kuihudumia simu iliyo umbali wa hata kilomita 35. Zaidi ya hayo kuna milima. Mteremko wa Rwenzori waweza kumkinga mtu asiushike mnara ulio kilomita mbili tu nyuma ya kilima, na badala yake simu yake ikaunganishwa na mnara wa mbali unaoonekana wazi ng'ambo ya bonde. Ni kama mtu asikiaye ngoma usiku. Ngoma ni ya kijiji fulani, hilo halina shaka. Lakini alipo msikilizaji hakuna ajuaye.

Mpondwe na Kasindi hutenganishwa na mto mwembamba. Mawimbi ya simu hayasimami kwenye kizuizi kuonyesha pasipoti. Mtu aliyeketi kitandani mwake upande wa Uganda aweza kuona simu yake ikipokea ujumbe wa kumkaribisha katika mtandao wa Kongo, na wafanyabiashara wa pale wamezoea jambo hilo hata hawalitazami. Kwa hiyo simu kuonekana katika mnara wa Kongo huenda ikawa dalili ya hatari, na huenda isiwe dalili ya chochote.

Liko na jambo la saa, ambalo limewachanganya hata watu wenye elimu. Uganda na mashariki ya Kongo hazitumii saa moja. Inapokuwa saa mbili usiku Mpondwe, huwa ni saa moja usiku Kasindi. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe kwa kufuata mtandao zilioushika. Basi kijana akimpiga mwenzake picha saa mbili na dakika kumi, na simu yake iwe imeshika mnara wa ng'ambo, picha itabeba saa moja na dakika kumi. Mjuzi wa kikundini akiilinganisha picha hiyo na ujumbe uliotumwa kwa simu nyingine atagundua kwamba imekosekana saa nzima, na kutokana na saa hiyo moja atajenga hadithi: mwenzake amedanganya, alikuwa wapi saa hiyo, alikuwa akificha nini? Mtu asiye na hatia aweza kupigwa mawe kwa sababu ya mpaka wa majira uliochorwa katika ramani. Mpelelezi aliyefundishwa huanza kwa kuuliza saa hiyo ilisomwa katika mtambo gani.

Hata pale mahali pa simu panapojulikana barabara, kwa njia ya setilaiti mathalani, ambayo uwanjani yaweza kukosea kwa mita chache tu, kilichopatikana ni simu. Mtu ni jambo jingine. Tarehe 2 Aprili 2019, jioni, watu wanne wenye bunduki walimteka mtalii wa Kimarekani na dereva wake katika eneo la Ishasha, wilaya ya Kanungu, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Malkia Elizabeth, mbuga ile ile inayoendelea hadi Kasese. Watekaji walitumia simu ya mateka kudai dola 500,000 za Kimarekani. Kwa siku tano dunia nzima ilisema lake. Tarehe 7 Aprili wote wawili walipatikana wakiwa hai, na papo hapo mabishano mapya yakaanza juu ya fedha, kama zililipwa na nani, hata kauli za wahusika wenyewe zikapishana. Katika tukio hilo simu ilikuwa mikononi mwa wahalifu. Laiti mtu angeitazama kumbukumbu yake bila kujua habari nyingine, angesema mwenye simu yu hai na anazungumza na jamaa zake kwa hiari yake.

Kinyume chake kilitokea Uingereza mwaka 2023. Mama mmoja wa Lancashire alitoweka mwezi wa Januari alipokuwa akitembea na mbwa wake kando ya Mto Wyre. Simu yake ilikutwa juu ya benchi, ingali imeunganishwa na mkutano wa kazi. Polisi walieleza mapema kwamba huenda ameanguka mtoni. Umma haukutosheka. Watu walisafiri kutoka miji ya mbali wakiwa na kamera, wakachungulia nyumba za wenyeji, wakachimba vichakani, wakaizungushia familia tuhuma huku watoto wawili wakimngoja mama yao. Simu juu ya benchi, walisema, ni mtego uliowekwa na mtekaji. Baada ya wiki tatu na ushei mwili ulipatikana mtoni, umbali wa kama maili moja, na uchunguzi wa mahakama ukathibitisha kwamba alizama kwa ajali katika maji ya baridi. Ikiwa katika nchi yenye kamera kila pembe na polisi wenye kila chombo umma uliweza kupotoka kiasi hicho, basi si ajabu upotoke Bwera, ambako hofu ina sababu zaidi.

Lhubiriha ilikuwa na huzuni ya namna nyingine. Asubuhi ya tarehe 17 Juni 2023 taarifa ya kwanza ya polisi ilitaja maiti 25 zilizopelekwa hospitali ya Bwera. Hesabu ikapanda, ikapita 40, wengi wao wanafunzi. Wengine walikuwa wametekwa na kupelekwa upande wa msitu wa Virunga. Bweni la wavulana lilikuwa limechomwa moto, na miili kadhaa haikuweza kutambulika kwa macho. Basi mzazi aliyesimama nje ya chumba cha maiti bila kumwona mwanawe alikuwa na njia mbili za kufikiri, na zote mbili zilikuwa chungu: ama mtoto ni mmoja wa wale walioungua, ama yu hai mikononi mwa wauaji. Simu haikuwa na msaada hapo. Wanafunzi wa bweni nchini Uganda kwa kawaida hawaruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo hapakuwa na mnara wa kuuliza. Miili ilipelekwa Fort Portal kwa uchunguzi wa vinasaba, na wazazi wakahitajika kutoa sampuli za miili yao wenyewe ili kulinganishwa. Kazi hiyo haifanyiki kwa saa moja. Katika siku hizo za kungoja, kila aliyeandika kwamba mtoto fulani ameonekana msituni, bila kumwona, alimtia mzazi tumaini asilokuwa na haki ya kulitoa.

Ni haki kusema pia kwamba uvumi haupandwi na wananchi peke yao. Ofisi inayokaa kimya kwa siku tatu isishangae siku ya nne inapokuta mtu mwingine amesema kwa niaba yake. Ofisa wa zamu akiwaambia jamaa kila jioni, hata kama hana jipya, kwamba faili lipo na kazi inaendelea, amekwisha kulizima nusu ya moto.

Nyumba za askari zina fungu lao katika habari hii. Tangu Novemba 2021, Operesheni Shujaa ilipoanza kuvuka mpaka kuwafuata ADF, wake wengi wamejifunza kusoma alama ndogo za WhatsApp kama watu wa kale walivyosoma mawingu. Mume alionekana mara ya mwisho juzi saa nne. Ujumbe una alama moja, haukufika. Mara kikundini yatokea kwamba gari la jeshi limeshambuliwa. Alama moja yaonyesha tu kwamba ujumbe haujaifikia simu. Askari aliyeamriwa kuizima simu, aliye bondeni pasipo mnara, na ambaye betri yake imekwisha, wote huonyesha alama ile ile. Na amri ya kuzima simu haikutolewa kwa ukali tu. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kupima mbio za mazoezi, ilitangaza ramani ya njia ambazo wateja wake hukimbia, na Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akaonyesha kwamba ramani hiyo imefichua kambi za jeshi katika nchi kadhaa, kwa kuwa askari walikuwa wakikimbia asubuhi na vifaa vyao mkononi. Mke anayemwomba mumewe amtumie mahali alipo ili moyo utulie anaomba kitu ambacho adui naye angekipenda.

Basi nyumba ikipatwa, la kwanza ni kituo cha polisi kilicho karibu, bila kungoja kupambazuke, au namba 999 na 112. Taarifa iandikwe katika kitabu, na jamaa waondoke na namba ya kumbukumbu. Waende na picha ya karibuni, maelezo ya nguo, majina ya watu wa mwisho kumwona, na namba ya kifaa chenyewe, ambayo huwa na tarakimu 15 na huonekana kwa kubonyeza *#06#. Namba hiyo ni ya simu, si ya laini, na haibadiliki mwizi akitupa laini na kutia nyingine. Yafaa iandikwe leo nyuma ya daftari la nyumbani, kwa kila simu. Jamaa wasiendelee kujaribu neno la siri katika akaunti ya aliyepotea, maana majaribio mengi huweza kuifunga. Ujumbe wake wa mwisho usifutwe, na usipelekwe mbele kwa watu. Mpelelezi auone katika simu iliyoupokea. Kumbukumbu za minara hutolewa kwa polisi kwa njia ya sheria, na kusikiliza mazungumzo kwahitaji hati ya jaji chini ya sheria ya mwaka 2010. Rafiki wa kampuni ya simu anayevujisha habari hizo anavunja sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu, na huenda pia anawaonya wahalifu kwamba wanafuatwa.

Pesa za simu mara nyingi husema wazi kuliko minara. Fedha zikitolewa kwa wakala, kuna saa, kuna duka, na huenda kuna mtu aliyemwona mtoaji uso kwa uso. Jamaa wakipokea ombi la ghafla la fedha kutoka namba ya aliyepotea, waipeleke habari hiyo polisi kabla ya kutuma hata shilingi moja. Wapo matapeli wanaosoma matangazo ya waliopotea ili wajue nani wa kumpigia.

Na kijana yule wa mfano akirudi siku ya pili, baada ya kulala kwa shangazi Kasindi kwa kuwa mvua ilimzuia na betri ilikwisha, mama yake ana kazi moja iliyobaki kabla ya kumgombeza: kurudi kituoni ili jina lake lifungwe katika kitabu, kisha kumwomba jirani aandike katika kikundi kile kile kwamba amepatikana, na picha iondolewe. Aseme pia, kwa jina, kwamba mjomba hakuhusika.