Njia Kwanza, Hati Baadaye



Mtu akiniuliza haki ya raia hukaa wapi, simpeleki mahakamani kwanza. Nampeleka kwenye vichochoro vya Mkomani, katika Mji wa Kale wa Lamu. Ni vyembamba, kadiri ya punda na mzigo wake, lakini vimeungana. Atokaye msikitini na aendaye sokoni, kila mmoja ana njia zaidi ya moja ya kufika Usita wa Mui au pwani. Mjenzi wa zamani alijua kwamba ukuta wake hauna budi kukoma pale inapoanza haki ya jirani kupita. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Je, miji tunayoijenga sasa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba, tangu 1975, mitaa mipya duniani imezidi kuwa na njia zisizotokea popote. Ulionyesha pia kwamba njia zikishachorwa vibaya, ni vigumu mno kuzirekebisha.

Onyo hilo latuhusu sisi. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa mwaka 2012, na gati la kwanza la bandari likafunguliwa mwaka 2021. Tangu hapo ardhi ya bara, Mokowe hadi Hindi, imetamaniwa na wengi. Shamba likigawanywa viwanja bila kuacha njia, nyumba hutangulia na barabara hukosa pa kupita. Nyumba mbovu hubomolewa ikajengwa upya. Njia iliyozibwa kwa hati miliki hufunguliwa kwa fidia au kwa kesi ndefu. Maskini hana uwezo wa lolote kati ya hayo.

Wako wasemao kwamba mipango huchelewesha maendeleo. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba mradi huo wa bandari ulikiuka haki za wananchi, ikiwemo haki ya kupewa habari. Kilichochelewesha haki si mipango, bali ni kuwasahau wenyeji.

Kifungu cha 10 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe. Basi kila usharika na kila jamaa ya msikiti itume wajumbe kwenye vikao vya mipango ya kaunti, wakiwa na swali moja: ramani ya njia iko wapi? Isipoonyeshwa, tupinge ugawaji wa viwanja, kwa amani na kwa maandishi.