Damu ya Fundi i Juu ya Nani?



Avukaye bahari kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hulakiwa na magofu ya Husuni Kubwa na ya Msikiti Mkuu. Mwaka 1981 magofu hayo yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa katika karne ya 14, tunalijua. Majina ya waliochonga mawe yale ya matumbawe hatuyajui. Ndiyo desturi ya wanadamu, kusifu jengo na kuusahau mkono. Desturi hiyo ingali nasi.

TUONE

Leo fundi wa mageti, wa madirisha na wa mashua hushika grainda. Mara nyingi utaikuta imevuliwa kava, yaani kinga ya diski, kwa madai kwamba inachelewesha kazi. Kijana anayejifunza amevaa kandambili, hana miwani. Mkono mmoja umeshika chuma, mwingine mashine. Nimeona hata msumeno wa duara ukifungwa kwenye grainda ili kukata mbao. Jino likikwama, mashine humrukia aliyeishika, usoni au pajani.

Nilipata kuketi kando ya kitanda cha kijana aliyepoteza jicho kwa kipande cha diski. Ndugu zake walisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Tajiri yake alisema, "Ni ajali." Mimi nilinyamaza, na kimya kile ninakitubu.

TUAMUE

Ni ajali gani hiyo iliyojulikana kabla ya kutokea? Ukingo wa diski huweza kufikia mwendo wa mita 80 kwa sekunde, karibu kilometa 290 kwa saa. Diski kubwa ikifungwa kwenye mashine ndogo iliyovuliwa kava, huzungushwa kupita kiwango kilichoandikwa juu yake, nayo huweza kupasuka. Diski iliyonyonya unyevu, jambo jepesi katika pwani yetu, au iliyopitwa na tarehe iliyopigwa chapa kwenye pete yake ya katikati, huwa dhaifu. Mungu hakuivua kava. Aliivua mtu, kwa kuharakishwa na mtu mwingine.

Kumbukumbu la Torati 22:8 humwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta kandokando ya dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Anayeulizwa hapo ni mwenye nyumba, si aliyeanguka. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo humdai mwajiri alinde mashine na kuwapa wafanyakazi vifaa vya kinga. Basi asiseme mtu, "Vijana hawasikii," ilhali hakuwanunulia hata miwani. Na asemaye miwani ni ghali, atuambie bei ya jicho.

Nasi tusijifiche nyuma ya matajiri. Halmashauri inapopunguza bei ya madirisha ya kanisa hadi senti ya mwisho, kisha ikaagiza yawe tayari kabla ya sikukuu ya somo wa parokia, ni nani amelipia kinga ya fundi? Hapo kava tumeivua sisi.

TUTENDE

1. Patano lolote la kazi ya parokia litaje gharama ya miwani, kinga ya uso, ya masikio na ya vumbi, pamoja na viatu vilivyofunika mguu.

2. Kava isiondolewe, wala mshikio wa pembeni. Grainda hushikwa kwa mikono miwili, na kipande kinachokatwa hubanwa kwenye jiliwa.

3. Mashine ichomolewe kwenye umeme kabla ya kubadili diski. Diski mpya izungushwe kwanza bila kukata, watu wakiwa kando.

4. Diski ya kukatia isitumiwe kusugulia kwa ubavu. Msumeno wa mbao usifungwe kwenye grainda kamwe.

5. Cheche zielekezwe mbali na petroli, makuti na watoto. Nguo zinazopepea na nywele ndefu zifungwe.

6. Mwanafunzi akikataa kutumia mashine isiyo na kava, jumuiya isimame naye, awe Mkristo au Mwislamu.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo: Ni nani kati yetu aliyeumia kazini, na nani alimtunza? Geti la nyumba yako lilitengenezwa na kijana gani? Je, uliwahi kuuliza kama macho yake yalikuwa na kinga?