Sindano na Uziwi: Tusimlaumu Mama

Mara nyingi sisi wauguzi husikia maneno haya: "Mtoto alichomwa sindano akawa kiziwi. Ukoo wa mama yake ndivyo ulivyo." Basi mama hulaumiwa, hata kusingiziwa uchawi. Sisi tunasema hiyo si haki.

Ndani ya chembe hai za mwili mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo hugeuza chakula kuwa nguvu. Asili yake ni bakteria walioingia katika chembe nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, wakabaki humo. Polepole, jeni zao nyingi zilihamia katika kiini cha chembe. Leo mitokondria ya binadamu imebaki na jeni 37 tu, na protini zake zaidi ya 1,000 hutengenezwa kwa maagizo ya kiini. Hivyo pande hizi mbili zimebadilika pamoja, kama kinu na mchi: mmoja usipoenea kwa mwenzake, hakuna kutwanga.

Jeni za mitokondria mtoto huzipata kwa mama peke yake. Za kiini, kwa mama na baba.

Mwaka 1993 wataalamu walieleza badiliko dogo la jeni ya mitokondria ambalo hufanya kiwanda chake cha protini kifanane zaidi na kile cha bakteria. Kwa mwenye badiliko hilo, streptomaisini au jentamaisini, dawa za kuua bakteria, huweza kuharibu masikio hata kwa kipimo cha kawaida. Hata hivyo, ndugu wa tumbo moja wenye badiliko hilo hilo hawadhuriki sawasawa, kwa sababu jeni za kiini nazo huchangia. Kwa hiyo upande wa baba nao umo.

Tena, si kila uziwi hutokana na urithi. Dawa hizo zikizidi kipimo huweza kumdhuru yeyote, na homa ya uti wa mgongo yenyewe huziba masikio.

Wazazi, msizikatae dawa hizi, maana huokoa maisha ya wengi. Ila kabla ya sindano, mwambieni mganga kama kuna ndugu wa upande wa mama aliyepata uziwi baada ya kuchomwa. Nasi wauguzi tusingoje kuambiwa, tuulize. Ukoo wa mama uulizwe ili kumkinga mtoto, si kumhukumu mama.